Kiswahili cha ofisini kinamgharimu nani?

Mtu aliyezaliwa Ndalambo mwaka 1990 na asihame hata siku moja ameshaishi katika wilaya mbili na mikoa miwili. Alizaliwa Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 Mbozi ikagawanywa, kata yake ikaangukia Wilaya mpya ya Momba. Mwaka 2016 Mbeya nayo ikagawanywa, na Momba ikaingia Mkoa mpya wa Songwe. Nyumba ipo palepale, shamba la mahindi lipo palepale. Kilichohama ni mipaka. Sasa mpe mtu huyo fomu yenye nafasi iliyoandikwa "Wilaya ya kuzaliwa". Aandike Mbozi, kama ilivyokuwa siku anazaliwa, au Momba, kama panavyoitwa leo? Yote mawili ni kweli. Akiandika Mbozi kwenye fomu moja na Momba kwenye nyingine, karatasi zake zitaanza kubishana zenyewe kwa zenyewe, na atakayetakiwa kufunga safari kwenda kujieleza si yule aliyeitunga fomu. Maneno "wilaya ya kuzaliwa" ni Kiswahili, tena mtoto wa darasa la tatu anayasoma bila kukwama. Hata hivyo swali halijibiki, kwa sababu aliyeliandika hakumfikiria atakayelijibu.

Naanza na fomu hiyo kwa sababu mjadala wetu wa lugha, kwa zaidi ya nusu karne, umekuwa mjadala wa Kiingereza na Kiswahili. Ni mjadala wa haki na una ushindi wake. Mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali, na mwaka huohuo Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Mahakama za mwanzo zimekuwa zikisikiliza mashauri kwa Kiswahili kwa miongo mingi, wakati ngazi za juu zikiandika hukumu kwa Kiingereza. Kisha ukaja mwaka 2021. Februari mosi, Siku ya Sheria, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba, wakati huo wa Mahakama Kuu Musoma, kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Mwaka huohuo Sheria Namba 1 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hakuna sababu ya kuudharau ushindi huo. Lakini umetuacha na imani moja isiyo sahihi: kwamba jambo likishatiwa kwenye Kiswahili, limeshaeleweka. Hoja ya makala haya ni kwamba kuhama lugha ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuandika Kiswahili chenyewe kwa namna ambayo msikilizaji anajua afanye nini, na nusu hiyo hatujaianza kwa dhati.

Chukua tangazo la aina inayobandikwa kwenye mbao za ofisi zetu. Hili nimelitunga, ila kila msomaji atalitambua: "Rejea somo tajwa hapo juu. Mnataarifiwa kuwa kufuatia kukamilika kwa mchakato wa uhakiki wa awali, zoezi zima la uandikishaji wa wanufaika wa pembejeo za ruzuku linatarajiwa kufanyika katika maeneo husika, hivyo wadau wote mnahimizwa kuzingatia taratibu zilizowekwa ili kuweza kufanikisha utekelezaji wa suala hili." Hakuna neno la Kiingereza hapo. Hakuna kosa la sarufi. Lakini mkulima akimaliza kulisoma, hajui nani ataandikisha, lini, wapi, yeye aende na nini, wala kama kuna cha kulipa. Sasa linganisha: "Afisa kilimo ataandikisha wakulima wanaotaka mbolea ya ruzuku Jumanne na Jumatano, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ofisi ya kijiji. Njoo na kitambulisho na namba ya simu unayoitumia. Kuandikishwa ni bure." Tangazo la pili ni fupi, lakini ufupi si sifa yake kubwa. Limejibu maswali matano ambayo la kwanza liliyakwepa. Na mwandishi wa la kwanza asingeweza kuandika la pili kabla ya kwenda kuuliza: ni Jumanne kweli? Ni bure kweli? Maneno ya ukungu mara nyingi hufunika kazi ambayo haijafanyika.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuona hila hiyo inavyofanyika. Kitenzi chetu kimebeba mtu ndani yake. "Ataandikisha": a- ni mtendaji, -ta- ni wakati ujao, kinachofuata ni tendo. Neno moja, sentensi nzima. Katika lugha ya namna hiyo, kumtaja mtendaji ndiyo njia rahisi. Kumficha ndiko kunakotaka jitihada. Inabidi umng'oe kwenye kitenzi, ugeuze tendo kuwa jina, "uandikishaji", kisha ulitafutie jina hilo mlezi, "zoezi la uandikishaji", kisha ulipe zoezi kitenzi cha kukodi, "litafanyika". Sasa zoezi linajifanya lenyewe. Likichelewa, hakuna aliyelichelewesha. Likifutwa, hakuna aliyelifuta. Ndivyo tulivyopata "suala zima la", "mchakato wa", "kuweza ku-" na ndugu zao wote, maneno ambayo ukiyaondoa kwenye sentensi hakuna kinachopungua. Sehemu ya mtindo huu ni urithi wa kutafsiri: kwa miaka mingi nyaraka zilifikiriwa kwa Kiingereza cha makarani, zikavikwa kanzu. Lakini wanaouandika leo wengi hawatafsiri chochote. Wameupokea kama sare ya kazi.

Sare hiyo ina bei yake, nayo haimwangukii aliyeivaa. Tuseme mtendaji anaokoa robo saa kwa kunakili tangazo la mwaka jana na kubadilisha tarehe ya juu. Kijiji kina kaya 300. Ikiwa hata kaya 30 hazikuelewa zikatuma mtu kwenda kuuliza, kwa miguu au kwa bodaboda, na nusu ya hao wakaambiwa warudi wiki ijayo na kitambulisho ambacho tangazo halikukitaja, robo saa iliyookolewa ofisini imelipwa kwa siku kadhaa za shamba, na msimu wa kupanda haumsubiri mtu. Gharama haikufutwa, imehamishwa. Imetoka kwa mtu mmoja mwenye meza na mshahara, ikaenda kwa watu wengi wasio na vyote viwili. Ndiyo maana silichukulii jambo hili kama la ufundi wa uandishi peke yake. Ni swali la nani anabeba mzigo wa nani.

Mzigo huo huwa mkubwa zaidi pale jambo lenyewe linapokuwa kubwa, na vijijini hakuna kubwa kuliko ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya kawaida, yaani isiwe tena ya kijiji, na eneo lisizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Ni mamlaka nzito waliyopewa watu wa kawaida. Lakini lisikilize neno "hekta" linavyosikika mkutanoni. Wakulima wengi hupima shamba kwa ekari, na wengi huitamka "heka". Kati ya hekta na heka kuna konsonanti moja tu, inayomezwa na spika mbovu au upepo. Hekta 250 ni takriban ekari 618. Anayesikia "heka 250" na kunyoosha mkono amekubali chini ya nusu ya kinachochukuliwa. Hakudanganywa, kila neno lililosomwa lilikuwa sahihi. Angeelewa kama msomaji angeongeza kusema: "yaani ekari 618, kuanzia kijito hadi barabara kuu." Hapo maelezo mepesi yamekuwa sahihi zaidi, kwa maana ya usahihi iliyo muhimu: kilicho kwenye karatasi ndicho kilichoingia kichwani.

Mikopo nayo iko hivyohivyo. "Riba ya asilimia 20" ni maneno manne yenye maana mbili zilizo mbali kama Tunduma na Dar es Salaam. Mtu akikopa Sh200,000 kwa miezi 6, na asilimia 20 ikiwa ya mkopo wote, atarudisha Sh240,000. Ikiwa ya kila mwezi kwa kiasi kilekile alichokopa, atarudisha Sh440,000. Mkataba ulio wazi ungekuwa na mstari mmoja juu kabisa: utachukua kiasi hiki, utarudisha kiasi hiki, mwisho ni tarehe hii. Kwa kuwa mstari huo haukuandikwa na wakopeshaji, wakopaji wameuandika wenyewe kwa jina: "kausha damu". Jina hilo limefanya kazi ambayo kurasa nzima za masharti hazikuifanya. Anayelisikia mara ya kwanza ameshaonywa.

Hapa ndipo ushahidi kwamba lugha nyepesi inawezekana unapokuwa mzuri, kwa sababu watu wetu ni mafundi wa kutaja vitu kwa kazi yake. Mfuko umeandikwa DAP. Mkulima anasema "mbolea ya kupandia". Mwingine umeandikwa urea. Anasema "ya kukuzia". Ndani ya jina mna maelekezo ya matumizi. Ugonjwa uliotisha dunia miaka ya 1980 tuliupa jina UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, na aliyelifumbua jina hilo alikuwa ameshapata somo lake la kwanza la udaktari. Mwaka 2020 tulilitoa neno "barakoa" kwenye uso wa mwanamke wa pwani tukalipeleka kwa kila abiria wa daladala, na hakuna aliyehitaji semina. Weka kando ya hayo neno "uhawilishaji", linalotumika kwenye nyaraka za kunusuru kaya maskini kwa maana ya kuwapa watu fedha. Wanaozipokea huziita hela za TASAF, kwa jina la mfuko unaozitoa. Ofisi ilihitaji neno la kuandikia ripoti. Kaya ilihitaji kujua hela inatoka wapi, na kwa masharti gani. Neno la kaya linajibu swali moja kati ya hayo, la ofisi halijibu hata moja.

Na tusidhani kwamba lugha nyepesi haijawahi kujaribiwa kwa ukubwa wa taifa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya". Nchi ilikuwa maskini, na wengi wa watu wazima walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Kampeni ilihusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, mambo ambayo kila moja lina msamiati wake wa kitabibu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu karibu milioni 2 wakakaa vikundi vikundi kwa wiki 12: wanasikiliza redio, mmoja anawasomea kijitabu, wanajadili, kisha wanaulizana wao wafanye nini. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Hakika si maneno peke yake yaliyochimba vyoo. Kulikuwa na chama, kulikuwa na msukumo wa Serikali. Lakini msukumo bila kuelewa hutoa mashimo ya kumwonyesha mkaguzi. Kilichoitofautisha kampeni ile ni kwamba kila kipindi kiliishia kwenye tendo, na kwamba waandaaji hawakuhesabu kazi yao kuwa imekwisha pale kijitabu kilipochapishwa. Iliisha pale kikundi kilipokubaliana kesho kinaanza na nini. Jina lenyewe, maneno matatu, lilikuwa sentensi kamili.

Watetezi wa lugha rasmi wana majibu, na baadhi yana uzito. La kwanza ni kwamba sheria na sayansi haziwezi kuishi bila istilahi, ukizirahisisha, unaziharibu. Ni kweli kwamba istilahi zinahitajika. Lakini istilahi na ukungu ni vitu viwili tofauti. "Makinikia" ni istilahi ngumu ya madini, na mwaka 2017 ilikuwa midomoni mwa wauza nyanya, kwa sababu nchi nzima iliambiwa ndani ya makontena ya mchanga wa madini mna nini na kwa nini inaihusu. "Stakabadhi ghalani" haikuwa lugha ya shambani, ila mkulima aliyepeleka mazao ghalani, akapewa karatasi, akaja kulipwa kwa karatasi hiyo, analitumia neno hilo bila shida. Istilahi ikifafanuliwa mara moja na kushikamanishwa na kitu kinachoonekana, watu huimeza. Tatizo ni istilahi inayoachwa ijieleze yenyewe. Sheria zetu zinapochapishwa upya baada ya marekebisho huitwa "Sheria Zilizofanyiwa Urekebu", na raia wengi watakutana na neno "urekebu" kwa mara ya kwanza hapohapo kwenye jalada. Mlango umewekewa kizingiti kabla mtu hajaingia.

La pili ni heshima. Husemwa kwamba lugha nyepesi ni ya vijiweni, na kwamba hata wananchi wenyewe humdharau kiongozi anayeongea kama wao. Hili lina ukweli unaouma: tumezoeshana kuupima usomi kwa kutoelewana. Lakini tazama mfano ambao hakuna anayeweza kuuita wa kijiweni. Julius Nyerere alizitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, kwa hiyo hakukosa msamiati. Hata hivyo alipotaka kueleza mambo mazito ya siasa na uchumi, alitumia "kujitegemea", kitenzi ambacho bibi anamwambia mjukuu. Alipotaka neno la kuacha madaraka kwa hiari, alilichukua "kung'atuka" kwenye Kizanaki cha kwao, na mwaka 1985 akalitenda. Hotuba zake zilieleweka, na hakuna aliyesema kwa hiyo ni nyepesi kimawazo. Wala methali zetu hazikuhitaji urefu ili ziwe na uzito.

La tatu linatoka Ndalambo kwenyewe. Wanyamwanga ndio wenyeji wa eneo hili, na lugha yao inavuka mpaka hadi Nakonde na Isoka, Zambia. Kwa wazee wengi Kiswahili ni lugha ya pili. Je, si upuuzi kushindana juu ya Kiswahili chepesi na kizito, wakati vyote viwili si lugha ya nyumbani? Naona kinyume chake. Tangazo la ofisi likifika katika nyumba ya namna hiyo, kijana hulisoma na kumweleza mzee kwa Kinyamwanga. Kijana huyo ndiye mfasiri wetu, halipwi, hakusomea kazi hiyo. Mpe "afisa kilimo ataandikisha wakulima Jumanne" naye ataivusha nzima, kwa kuwa Kinyamwanga nacho ni lugha ya Kibantu, kitenzi chake nacho humbeba mtendaji. Mpe "zoezi zima la uandikishaji linatarajiwa kufanyika" naye atalazimika kubahatisha nani anamfanyia nani nini. Kadiri msikilizaji anavyokuwa mbali na lugha ya tangazo, ndivyo uwazi wa tangazo unavyozidi kuwa wa lazima.

La nne ndilo gumu kuliko yote: kwamba watu vijijini hawakosi maelezo, wanakosa nguvu, na fidia isiyolipwa haitalipwa kwa sababu barua imeandikwa vizuri. Nakubali. Kiswahili chepesi hakileti dawa kwenye zahanati wala hakishushi riba. Kinachofanya ni kidogo zaidi, lakini si bure: kinaifanya ahadi ishikike. "Fidia italipwa kwa mujibu wa taratibu" haiwezi kuvunjwa, kwa sababu haijaahidi kitu. "Kila mwenye shamba atalipwa na halmashauri kabla ya tarehe 30 Juni" inaweza kuvunjwa, na ikivunjwa mkutano mzima utajua imevunjwa na nani. Nashuku kwamba hiyo ndiyo sababu moja ya sentensi ya kwanza kupendwa.

Nchi nyingine zimeligeuza jambo hili kuwa wajibu. Sheria ya lugha ya Sweden ya mwaka 2009 inaitaka sekta ya umma itumie lugha nyepesi na inayoeleweka. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha lugha nyepesi, ambacho kiini chake ni kwamba msomaji apate anachokitafuta, akielewe, na aweze kukitumia. Sisi hatuna haja ya kusubiri sheria nyingine, ambayo huenda nayo ikaandikwa kwa "urekebu". Mtendaji anaweza kuanza Jumatatu. Kabla ya kugonga muhuri, amsomee tangazo mtu yeyote asiye wa ofisini, muuza vocha au mama aliyekuja kuchukua barua, kisha asimuulize kama ameelewa, maana kila mtu atasema ndiyo. Amuulize: "Kwa hiyo wewe kesho utafanya nini?" Jibu likikosewa, la kurekebishwa ni tangazo. Na yule anayetunga fomu za kujazwa Ndalambo aongeze maneno matatu tu pembeni ya "Wilaya ya kuzaliwa": kama inavyoitwa sasa.